Sahani Tupu Haimtaji Mlaji

Sahani tupu haimtaji mlaji. Vijana waliomsikia Bi Mwanamvua akimrushia jirani maneno hayo walimng'ang'ania awape chanzo chake. Akavuta kigoda, akawaambia yametoka Muheza, kwenye ua wenye wake wawili na mume mmoja mgonjwa.

Mume alikuwa Bwana Kibwana, fundi cherehani mnene, mpenda nyama ya mafuta. Siku moja alianguka dukani, kitambaa mkononi. Hospitali wakasema shinikizo la damu lilikuwa likimla kimya kimya miaka mingi, na sasa moyo umechoka kusukuma damu. Daktari akawaita wake wote wawili.

"Vidonge kila siku, hata akijiona mzima. Atembee kidogo kidogo. Na chumvi, mama zangu, isahauni. Itamjaza maji mwilini, na moyo huu hautayaweza."

Bi mkubwa, Mwanahija, aliitikia. Bi mdogo, Siwatu, naye aliitikia, na kwa kweli alimaanisha. Zamu yake ilipofika alipika wali na mchicha kwa ndimu na tangawizi, bila hata punje ya chumvi. Bwana Kibwana akala matonge mawili, akasukuma sahani.

Sasa, ua ule ulikuwa na bomba moja tu, na vyombo vilioshwa hapo, kila mke akimwona mwenzake. Sahani ndiyo iliyosema nani anapendwa. Siwatu alipeleka yake imejaa wali, ameifunika kwa upindo wa kanga. Zamu ya Mwanahija, sahani ikaja imekombwa. Na zamu iliyofuata vivyo hivyo. Siwatu akashikwa na donge. Tangu zamani alimwonea bi mkubwa wivu kwa watoto wake, kwa miaka yake na mume, hata kwa anavyopita uani bila haraka. Leo na sahani pia!

"Anatia chumvi kwa siri," alijiambia. "Anataka nionekane sijui kupika."

Basi naye akatia. Kwanza kidogo, kisha ya kutosha, kisha akaongeza na papa mkavu. Bwana Kibwana, mtu mzima mwenye masikio yake mawili, alionja, akajua, akanyamaza, akala yote. "Mke wangu, mkono wako una baraka," akasema. Siwatu aliiosha sahani ile polepole, makusudi, Mwanahija aione.

Haukupita muda miguu ya mume ikavimba hata viatu vikamkataa. Mchana mmoja akawa hawezi kulala chali, anahema kama aliyefukuzwa. Wakamkimbiza hospitali, na daktari akauliza nani anampa chumvi. Siwatu akamgeukia mwenzake palepale kwenye benchi.

"Muulizeni huyu! Mbona kwake sahani hurudi tupu?"

Mwanahija akamjibu taratibu. "Hurudi tupu kwa sababu nakula mimi, Siwatu."

"Wewe?"

"Nakaa naye. Tonge lake, tonge langu. Chakula kile hakiliki, mdogo wangu, hata mimi kinanishinda. Lakini akiniona nakula, anakula. Kinachobaki namaliza mwenyewe, asione aibu."

Siwatu alikosa pa kutazama. Kilichomuuma si kosa lake tu, Mungu amsamehe. Aliumwa pia kuwaza wale wawili kwenye sahani moja, ilhali yeye humtengea mume chakula na kusimama mlangoni akingoja sifa. "Nimemuua," akasema, akalia mbele za watu.

Hakufa. Walimpunguza maji kwa dawa, akarudi nyumbani amekonda, na masharti yale yale. Zamu ya Siwatu ikafika. Alipika bila chumvi, akaketi mkekani, akanawa mikono pamoja na mumewe. Chakula kilikuwa kibaya kwelikweli. Bwana Kibwana alikula huku amenuna, Siwatu naye akala, na mume alipochoka, mke akamaliza.

Siwatu alipofika bombani, Mwanahija akaichungulia sahani. "Leo kala yote?"

Siwatu, ambaye wivu ulikuwa haujamtoka wote, akacheka kwa mara ya kwanza na mke mwenzake.

"Dada," akasema, "sahani tupu haimtaji mlaji."