Bwawa la Kamba Liitwe kwa Jina la Nani?

Hapo zamani, tena si zamani ya mababu, zamani ya juzijuzi tu, kijijini kwetu tulianza kufuga kamba wa maji baridi. Walitutesa, jamani! Kila kamba alipojivua ganda akabaki laini, wenzake walimla. Mwenyekiti akasema, "Wakiisha tena, bwawa tunalifukia. Wakikua, aliyewaokoa atabeba kapu la kwanza kichwani, na bwawa litaitwa kwa jina lake."

Akaja Somoe, binti yetu wa maabara. Alileta madini ya zinki yaliyosagwa yakasagika, hata unga wa sembe mbele yake ni kokoto. "Tieni kwenye chakula, kiasi cha kubana kwa vidole tu. Maganda yatakaza upesi." Tukatia. Maji yakayachukua yote. Kazi bure!

Akaja Bi Tausi, shangazi yake. Akapika uji mzito wa muhogo, akachanganya na chakula na madini, akakamua tambi, akaanika. Tambi zikazama nzima nzima, kamba wakala, maganda yakakaza. Weee! Tukaanza kutembea kifua mbele.

Basi tamaa ikatuingia. Somoe akasema, "Madini tuongeze mara mbili." Bi Tausi akasema, "Hata mara tatu!" Mshindo, mlishaji wa bwawa, akakumbatia ndoo yake. "Somoe, ulisema kubana kwa vidole. Siongezi." Tukamsema vibaya mno, hakuongeza. Somoe kwa hasira akaongeza kwenye beseni lenye kamba wachache, ili amwaibishe. Kulipokucha, wote chali.

Siku ya mavuno ikafika. Kamba wakubwa kushinda kiganja changu, na kiganja ninacho! Hakuna kijiji kilichowahi kuvua vile.

Somoe akasema, "Bila madini yangu, maganda gani?"

Bi Tausi akasema, "Bila tambi zangu, madini yako wangeyanywa vyura. Halafu mimi sikuzaa, mwanangu. Jina langu litabaki wapi?"

Mshindo akasema, "Bila mimi, mngewaua wote kwa mikono yenu."

"Ulikataa kwa neno la nani?" Somoe akamaka. "Si langu?"

"Lako. Wewe ukaliacha, mimi nikalishika."

Wapiga ngoma wanasubiri, mwenyekiti kalishika kapu. Haya, nyie mnaonisikiliza, kapu ni moja na kichwa ni kimoja. Je, nani atwikwe?