Siki ya Haji Mbaruku

Ndimu za Bi Shumi zilikuwa zimeanza kuoza, na siki ya kutilia achari ilikuwa kwa Haji Mbaruku tu, tajiri na mfadhili wa msikiti.

"Nipunguzie, Haji."

"Hata mamangu simpunguzii."

"Basi nionjeshe."

Akaonja kijiko kimoja, akatoka nje akipepesuka na kuimba. Watu walikuwa wanakwenda kuswali Ijumaa.

"Bi Shumi, umelewa?" imamu akauliza.

"Nilewe na nini? Nimeonja siki ya Haji tu."

Macho yote yakamgeukia Haji mlangoni pa duka lake. Haji akamwita Bi Shumi ndani.

"Utanivunjia heshima, mwanamke. Chukua nusu bei."

"Kichwa bado kinazunguka, Haji."

"Chukua bure, lakini tembea wima."

Bi Shumi akatoka na dumu lake, amenyooka.

"Ilikuwa njaa tu, imamu. Siki ni safi, na leo Haji anaigawa bure."