Rusoo Aingia Ukoo wa Korongo

Enyi mliokusanyika, nyamazeni. Mwenye masikio na asikie. Miongoni mwa Waanishinaabe, watu wa maziwa makuu ya kaskazini, aliingia Rusoo, mchuuzi wa ngozi, akawazuilia baruti ya kuwindia, theluji ilipokaribia.

"Nipeni binti yenu Wabanikwe awe mke wangu, la sivyo mfe njaa!"

Wabanikwe alimtazama kwa huruma. "Nani atapokea posa yako, bwana? Huna ukoo. Kwetu asiye na ukoo ni kama hakuzaliwa."

"Basi nipeni ukoo! Tena ulio mkubwa."

"Mkubwa ni Korongo, unaotoa machifu. Lakini wazee hawaendewi mikono mitupu."

Rusoo, amevimba kama Farao, akatoa mapipa yote ya baruti. Wazee wakayagawa kwa wawindaji, kisha mbele ya watu wote wakamtangaza mwana wa Korongo. Ndipo akanyoosha mkono. "Sasa njoo, mchumba wangu!"

"Karibu nyumbani, kaka," alisema Wabanikwe. "Mimi nami ni Korongo. Wa ukoo mmoja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Ila dada yako ana njaa, utamwindia lini?"

Nawe unayewabana wanyonge kwa njaa yao, tubu. Fungua ghala lako leo, ungali unaombwa.