Mvua ya Mlimani, Kilio cha Bondeni

Paukwa!

Pakawa!

Nani yuko macho?

Sote tuko macho!

Basi wakubwa sogeeni, wadogo kaeni mbele. Hadithi hii ni chungu, lakini imezeni.

Hapo zamani za kale palikuwa na mto. Ulitoka mlimani, ukakata mbuga, ukaingia kinamasini. Mlimani alikaa Pimbi, mnyama mdogo wa mapangoni. Kazi yake kutazama mawingu. Mbugani alikaa Kwale. Kazi yake kutazama mto. Kinamasini alikaa Chura. Kazi yake kupima maji kwa miguu yake mwenyewe.

Kila mmoja alikuwa na mlio wake. Pimbi akilia mara mbili, kwiii kwiii, maana yake mvua kubwa. Kwale akilia mara mbili, maana yake jua kali. Chura yeye, akiona hatari, hunyamaza kimya. Na kila mmoja alilia kwa ajili ya watoto wake tu. Ya jirani, ya jirani.

Sasa, kando ya mto, mwisho wa mbuga, aliishi Mama Tohe. Tohe ni ndugu yake swala, makao yake matetini. Alikuwa na mtoto mmoja, jina lake Tabu. Alimzaa baada ya kuzika wawili. Kila asubuhi alikuwa akimficha kwenye matete, akimlamba masikio, akimwambia, "Lala hapo mwanangu. Usiinue kichwa mpaka usikie sauti yangu."

Siku moja mawingu yakaufunga mlima. Ukawa mweusi tititi. Lakini huku chini jua linawaka, waa! Mama Tohe akaingiwa na shaka. Akamwuliza Chura, "Jirani, maji yakoje leo?"

"Yananifika kifundoni tu, dada. Nenda ukale majani yako."

Chura hakudanganya. Alisema kweli, kweli ya pale alipo. Mama Tohe akamwacha Tabu matetini, akaenda malishoni.

Huko juu Pimbi akalia. Kwiii! Kwiii! Mvua ikamwagika, chwaaa! Watoto wa Pimbi wakaingia pangoni.

Kwale akasikia. Mkewe akamwuliza, "Pimbi anasemaje?"

"Sijui, wala sitaki kujua. Kwetu milio miwili ni jua."

Mara akaona mto umekuwa mwekundu, umebeba magogo. Kwe-kwe-kwe! Akawaita wanawe, wakapanda juu ya kichuguu.

"Na wa huko chini?" akauliza mkewe.

"Wa huko chini wana Chura wao."

Guuu! Guuu! Guuu! Maji hayo!

Mama Tohe akageuka, akakimbia, ti-ti-ti-ti. Akamwona Tabu amelala palepale alipoambiwa alale. Hakuinua kichwa. Alikuwa mtoto mtiifu.

"Tabu! Inuka!"

Tabu akainuka. Maji yakampiga. Pu! Basi.

Maji yalipopungua, majirani walimkuta mchangani, mdomo umejaa tope.

Wanyama wakakutana msibani. Pimbi akasema, "Mimi nililia!" Kwale akasema, "Mimi niliona!" Chura akasema, "Kwangu maji yalikuwa kifundoni tu!"

Mama Tohe akawatazama. "Kumbe mlijua. Mlima ulijua, mto ulijua. Mwanangu ndiye hakujua. Unganisheni milio yenu. Iwe na maana moja, na kila asikiaye ampelekee mwenzake."

"Sawa," wakasema. "Lakini tufuate mlio wa nani?"

"Wangu, mimi niko juu."

"Wangu, mimi niko katikati."

"Wangu, maji yote huishia kwangu."

Wakabishana mpaka majani yakakauka. Wakabishana mpaka mawingu yakarudi.

Safari hii mlima ulikuwa wazi, hauna hata wingu. Mvua ilinyesha huko chini kinamasini. Maji yakajaa, yakakosa pa kwenda, yakarudi nyuma polepole kuelekea mbugani. Chura aliona. Akanyamaza, kwa desturi yake, akapanda juu ya tete. Kwale alikuwa anatazama mlimani. Hakutazama nyuma. Alipogeuka, kiota kinaelea. Makinda hawamo.

Kwale akaenda kwa Mama Tohe, akiburura mabawa chini. "Dada, sina la kusema."

"Usiseme. Lia," akamjibu. "Nami nitalia nawe."

Ndipo wakaacha ubishi. Mlio mmoja, salama. Milio miwili, hatari. Hata Chura akajifunza kulia badala ya kunyamaza, kwa sababu aliyenyamaza hajulikani kama ameona au amekufa. Pimbi akilia, Kwale hupokea. Kwale akilia, Chura hupokea. Na habari ya chini ikapanda juu vivyo hivyo.

Mvua ikaja tena, kubwa kuliko zote. Kwiii-kwiii! Kwe-kwe! Kro-kro! Bonde zima likakimbilia kilimani. Maji yakapita chini yao yakinguruma, guuu, guuu. Hayakumpata mtu.

Pale kilimani kila mama akaita jina la mwanawe. Kila mtoto akaitika. Mama Tohe akafungua kinywa. Akakifunga.

Jamani, funzo ni hili: anayeiona hatari akaificha kwake, huwaua wasioiona. Na wajuzi wasiosikilizana ni sawa na vipofu. Unganisheni mnayoyajua kabla ya msiba, maana msiba ukishapita haurudishi mtu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Wenye watoto, washikeni mikono mwende nao nyumbani.