Nukta Zilizosimama Kitonga

Waliokuwamo chumbani siku ile ya Jumatano, mjini Mbeya, walikuwa watano. Wa kwanza ni Dkt. Eliakimu Ngailo, meneja wa kampuni ya mbegu. Wa pili ni Bi. Adventina Rwegoshora, mwenye malori sitini, yote mapya. Wa tatu ni Mzee Anyosisye Mwakibinga, mwenye malori manane, yote makuukuu. Wa nne ni Bw. Cosmas Nyoni, mtunza ghala. Wa tano ni Bi. Zamaradi Chuma, fundi wa mitambo ya kufuatilia magari.

Shauri lililowakutanisha lilikuwa hili. Kampuni ya mbegu ilitaka msafirishaji mmoja wa kuichukulia mizigo kutoka Dar es Salaam kwa miaka mitano. Walioomba kazi walikuwa wengi, wakachujwa, wakabaki wawili: Bi. Rwegoshora na Mzee Mwakibinga. Kila mmoja akapewa masanduku mia mbili ya mbegu, na malori yao yakaondoka Dar es Salaam pamoja, saa kumi na moja alfajiri ya siku hiyo.

Masharti yaliandikwa na kusomwa mbele ya wote. Mshindi ni yule ambaye mzigo wake utapokelewa kwanza ghalani na kutiwa saini na Bw. Nyoni. Ikifika Alhamisi saa sita mchana na hakuna mzigo uliopokelewa, kazi inakwenda kwa kampuni ya kigeni, kwa sababu mvua ilikuwa karibu na wakulima hawangeweza kungoja.

Mzee Mwakibinga alijua maana ya siku ile. Akikosa kazi hii, malori yake manane yangeuzwa kama chuma chakavu, na madereva wake wanane wangerudi makwao.

Ukutani palikuwa na skrini kubwa kama mlango. Bi. Chuma alimwonyesha nukta mbili zikitembea juu ya ramani. "Ya kijani ni gari la Bi. Rwegoshora. Ya buluu ni lako, mzee."

Mzee alisogea karibu. Kwa miaka arobaini na miwili alikuwa akituma lori na kungoja, asijue liko wapi mpaka alisikie likinguruma langoni. Sasa aliliona likipita Mikumi, yeye akiwa amekaa Mbeya anakunywa chai. Alivua kofia bila kujua kwamba ameivua.

"Gwakisa huyo?" aliuliza, akimtaja dereva wake.

"Ndiye."

"Hajui kama namwona."

"Na asijue, baba," alisema Bi. Rwegoshora. "Akijua hatanunua mahindi ya kuchoma njiani, na utamuua kwa njaa."

Wakacheka. Nukta ya kijani ilikuwa mbele kwa kilomita kumi na tano. Saa saba mchana ikaanza kupanda mlima Kitonga, wenye kona kali na korongo refu upande mmoja. Katikati ya mlima ikasimama.

"Dereva wangu Hemedi anapoza injini," alisema Bi. Rwegoshora.

Nukta ya buluu ikaja nyuma yake, polepole, kona baada ya kona. Mzee Mwakibinga alikaa ukingoni mwa kiti. Ilikuwa imebaki kilomita moja, kisha nusu, kisha hatua chache tu ili aongoze. Nukta ya buluu ikaifikia ya kijani. Nayo ikasimama.

Dakika kumi zikapita, kisha ishirini.

"Baba Mwakibinga," alisema Bi. Rwegoshora, "dereva wako ameshuka kumwamkia mwenzake? Heshima gani hiyo isiyokwisha?"

Mzee aliona aibu, kama mtu ambaye mwanawe ameanguka mbele ya wageni.

"Ngoja niwaonyeshe na magari ya wengine," alisema Bi. Chuma. Kampuni yake ilikuwa imefunga vifaa vya kufuatilia kwenye malori ya wasafirishaji wengi. Akabonyeza mahali, na nukta nyekundu zikatapakaa barabara nzima kama siafu.

Nukta zilikuwa zikija kutoka pande zote mbili, za kupanda na za kushuka. Kila moja ikifika pale, inasimama. Mzee alizihesabu kwa kidole: thelathini na nne.

"Barabara imefungwa?" aliuliza Dkt. Ngailo.

"Hapana. Tazama, nukta hizi za manjano ni mabasi, nayo yanapita. Haya malori yamesimama yenyewe."

"Ya kampuni ngapi?"

Bi. Chuma alisoma majina moja moja. Yalikuwa ya kampuni kumi na tisa, zote zilizokuwa zikinyang'anyana wateja mwaka hata mwaka. Hakuna mwenye mali aliyekuwa ametoa amri. Mzee Mwakibinga alisogelea skrini. Kioo kilimwonyesha kila kitu isipokuwa sababu.

Akampigia simu dereva wake, Gwakisa Mwaijande, sauti ikasikika chumba kizima.

"Kuna nini huko?"

"Mzee, Hemedi amekwepa basi lililokuwa linapita kwenye kona. Gari limelala kandokando ya korongo, naye amebanwa miguu. Anaongea. Tumeweka matawi barabarani, tumefunga minyororo ya malori manne, tunalivuta taratibu lisije likamwangukia." Akaongeza, "Lakini ukisema niondoke, nitaondoka. Saa zinakwenda."

Bi. Rwegoshora alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Mzee alitazama saa ya ukutani, akatazama nukta ya buluu.

"Kaa," alisema. "Na mzigo wake usiachwe barabarani. Upakie kwenye gari letu, nafasi ipo."

Hemedi alitolewa jioni, akapelekwa hospitali ya Iringa ndani ya lori la kampuni nyingine.

Gwakisa aliingia Mbeya Alhamisi, saa tano na nusu asubuhi. Macho yalikuwa mekundu, nguo zimejaa vumbi. Milango ya nyuma ikafunguliwa. Bw. Nyoni akapokea sanduku la kwanza, akasoma hati yake, akasita.

"Huu ni mzigo wa Bi. Rwegoshora."

Hapo ndipo kila mtu alipoelewa. Mzigo unaopakiwa mwisho ndio unaoshuka kwanza. Masanduku ya Mzee Mwakibinga yalikuwa nyuma ya yale, ndani kabisa.

"Shusheni haraka!" alisema Gwakisa. "Yetu yapo!"

"Mimi naandika kinachoshuka," alisema Bw. Nyoni, kwa huzuni.

Dkt. Ngailo alisoma masharti mara mbili. Yalitaja mzigo, hayakutaja gari. Gwakisa akageukia ukuta.

"Andika, Bwana Nyoni," alisema Mzee Mwakibinga. "Sheria hiyo niliikuta kazini. Siwezi kuikataa leo kwa kuwa imenigeukia."

Bw. Nyoni akaandika jina la Rwegoshora, akatia saini. Bi. Rwegoshora alipewa kalamu aweke sahihi kwenye mkataba. Aliishika bila kuandika.

"Daktari, mkataba huu unanikataza kuchukua mwenza?"

"Haukukatazi."

"Basi ongeza jina moja. Anyosisye Mwakibinga, malori manane. Asipoandikwa yeye, siandiki mimi."

Mzee alitikisa kichwa. "Mwanangu, malori yangu ni mabovu."

"Nimeyaona, baba. Tutayatengeneza."

Dkt. Ngailo akaongeza jina kwa mkono wake, wote wawili wakatia sahihi. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano. Simu ya Bi. Rwegoshora ikalia, akasikiliza, akasema "Ndiyo, ni dereva wangu," kisha akakaa.

Hemedi Athumani Kilindo, wa miaka thelathini na minane, alifariki hospitalini Iringa siku hiyo, saa tano na robo asubuhi.

Funzo: Chombo cha kisasa kinaweza kukuonyesha mwenzako amekwama wapi, lakini kumwendea ni juu yako, hata akiwa mshindani wako.