Nani Alimngoja Bibi Ikupa

Hapo zamani, na asiniulize mtu mwaka gani, kwa maana hata aliyenisimulia mimi hakunitajia, palikuwa na kijiji cha Wakristo Wamoraviani milimani Rungwe, kule ambako mvua ikianza haijui kuaga. Kaeni vizuri. Wewe wa nyuma, meza kwanza hicho unachotafuna, ndipo tuendelee.

Kijiji hicho kilikuwa na desturi yake. Asubuhi ya Pasaka, kabla hapajapambazuka, wapiga tarumbeta walipita nyumba kwa nyumba wakiamsha watu, kisha kijiji kizima kilikwenda makaburini. Hawakwenda kulia. Walikwenda kungoja jua. Walisimama katikati ya makaburi ya babu zao na mama zao, kimya, nyuso zote mashariki. Pembeni pale palikuwa na kichuguu kirefu. Mtoto mmoja alipandishwa juu yake, maana aliye juu huliona jua kabla ya walio chini. Akiona ukingo wa jua tu, anapaza sauti: "Amefufuka!" Hapo tarumbeta zinalia, watu wanaitikia, "Amefufuka kweli kweli," na nyimbo zinaimbwa mpaka ndege wenyewe wanaona leo hawana kazi.

Mtoto mmoja tu kwa mwaka. Najua mnachotaka kusema, kwa nini wasipande wote. Kichuguu kilikuwa chembamba juu, kinatosha nyayo mbili. Na mtoto huyo awe hajapata kipaimara, kwa sababu akishapata amekuwa mkubwa, anasimama chini na wakubwa wenzake.

Aliyemchagua mtoto ni Bibi Ikupa, mwalimu wa shule ya Jumapili. Mfupi, mwenye maneno mengi, na alikuwa akigombana na mbuzi kama vile mbuzi wanamwelewa.

Mwaka huo watoto watatu walikuwa wanakaribia kipaimara. Nafasi ikiwapita mwaka huo, imewapita moja kwa moja. Wa kwanza Tusekile, wa pili Ambilikile, wa tatu Bupe. Wote walikitaka kichuguu, lakini Tusekile alikitaka mpaka kifua kinamuuma. Mama yake alikuwa amezikwa pale pale chini ya kichuguu. Alipopelekwa hospitali alimwambia, "Nitarudi, mwanangu." Hakurudi kwa miguu yake. Alirudishwa.

"Nataka nisimame pale juu nimtangazie mama," Tusekile alisema. "Nataka awe wa kwanza kusikia."

Basi, wiki moja kabla ya Pasaka, habari ikaja kwamba binti wa Bibi Ikupa kule Kyela amejifungua. Bibi akaruka kama msichana. Lakini kabla ya kuondoka akawaita wale watatu, wakachimba naye shimo nyuma ya nyumba yake. Wakachoma majani makavu ndani mpaka shimo likapata joto, wakatandika majani mabichi ya mgomba, wakapanga ndizi zilizokomaa, wakafunika kwa majani, wakafukia kwa udongo. Ndivyo ndizi zinavyovumbikwa, na hizo zilikuwa za karamu ya upendo, chai na ndizi mbivu, ambayo kijiji kilikula pamoja kikitoka makaburini.

"Sikilizeni," Bibi akasema. "Nitarudi Alhamisi. Kaeni hapa mlilinde shimo hili, na msilifungue mpaka nirudi. Kila siku mnaniimbia kwamba mvumilivu hula mbivu. Safari hii nataka kuona nani mvumilivu. Atakayeningoja vizuri kuliko wenzake, ndiye atakayepanda kichuguu."

Akabeba kapu lake, akashuka bondeni, akavuka daraja la magogo, akaenda zake. Mwamvuli wake akausahau umening'inia mlangoni.

Tusekile akavuta kigoda, akaketi kando ya shimo. Mbuzi wakaja, akawafukuza. Nguruwe wa jirani akaja na pua yake, akamfukuza. Wavulana wenye njaa wakaja, wakasema wanataka kunusa tu. Akawajibu, "Nuseni mkiwa kwenu. Atakayegusa shimo hili, namshtaki kwa mchungaji." Mvua ikanyesha, akajifunika jani la mgomba, hakuondoka. Chakula aliletewa na shangazi yake pale pale.

Ambilikile yeye alikaa kidogo tu, akaona mwamvuli mlangoni. "Bibi atarudi na mvua hii, atalowa," akasema. Akauchukua, akaenda kumngoja kwenye daraja. Jioni akarudi nao, kesho yake akaenda tena, na siku nyingine tena. Mvua ilimnyeshea, mwamvuli ukiwa umekunjwa kwapani. Watoto wakamcheka, "Wewe, mwenye mwamvuli analowa?" Akasema, "Huu si wangu, ni wa Bibi. Nikiuchakaza atajifunika nini akija?"

Na Bupe je? Bupe alikuwa anakuja na kuondoka. Anamletea Tusekile muhogo, anainama kidogo juu ya shimo, ananusa, anakwenda. Mama yake alikuwa akiuza ndizi mbivu sokoni Tukuyu, na pua ya Bupe ilikuwa imekulia humo.

Alhamisi ikafika. Bibi alikuja? Semeni nyote. Hakuja.

Masika yalikuwa yamefura. Usiku wa kuamkia Alhamisi mto ulibeba daraja lile la magogo, ukaenda nalo. Sasa aliye ng'ambo akabaki ng'ambo.

Tusekile aliposikia habari hiyo, moyo wake ukazimika. Akamwambia Bupe, "Bibi harudi. Mtu akisema nitarudi, ndiyo basi tena." Akalia. Lakini hakuondoka kwenye kigoda. Alilia pale pale alipokaa, na mbuzi alipokaribia akamfukuza huku analia.

Ambilikile aliposikia, akasema, "Daraja limekwenda? Basi Bibi atahitaji mtu wa kumwonyesha pa kuvukia." Akachukua mwamvuli akaenda.

Ijumaa Kuu ikafika. Bibi alikuja? Hakuja.

Siku hiyo hakuna aliyebaki nyumbani katika kijiji kile, hata mgonjwa alibebwa kwenda kanisani kusikiliza mateso ya Bwana. Tusekile ikambidi aondoke. Akaviringisha jiwe kubwa, akaliweka juu ya shimo, akaenda. Katikati ya ibada Bupe akashika tumbo, akakunja uso, akatoka nje. Tumbo lake lilikuwa zima kuliko langu na lako. Alikimbia moja kwa moja mpaka shimoni, kwa sababu asubuhi ile alikuwa amenusa harufu ya kuchachuka, na alijua maana yake. Ndizi zimeiva, na zikilala humo siku moja zaidi kijiji kitakunywa chai na uozo. Akaondoa jiwe, akafukua, akazitoa ndizi zote, akayapanga majani kama yalivyokuwa, akafukia, akarudisha jiwe. Ndizi akazificha kanisani, katika chumba cha tarumbeta, penye ubaridi. Ujue Bupe alikuwa hajala tangu asubuhi, na ndizi zile zilikuwa za manjano, zimelainika vizuri. Hakuonja hata moja.

Tusekile akarudi kutoka kanisani, akaona jiwe liko pale pale, akavuta kigoda, akaketi akalinda. Ndiyo, chekeni. Alikuwa analinda shimo tupu.

Jumamosi watu walikuwa makaburini wanafyeka na kupaka mawe chokaa. Ambilikile alikuwa mtoni. Alasiri akaona kitu kinatembea ng'ambo, kapu juu, mtu chini. Bibi Ikupa. Akaita, mto ukameza sauti yake. Bibi akatazama pale palipokuwa na daraja, akatikisa kichwa, akageuka kuondoka. Hapo Ambilikile akaufungua ule mwamvuli kwa mara ya kwanza, akaupunga juu, huku na huku, akirukaruka kwenye tope. Bibi akageuka. Akauona mwamvuli wake mwenyewe unacheza ng'ambo ya mto, akaketi juu ya jiwe akacheka. Ambilikile akakimbia makaburini, akaja na wanaume wenye mashoka na kamba, wakaangusha mti, wakamvusha.

Bibi akaingia uani kwake amefunguliwa mwamvuli. Tusekile akainuka kwenye kigoda, akasimama, asiamini. Kisha akamkimbilia, akamshika kiunoni kwa mikono yote miwili.

"Umerudi," akasema.

"Si nilisema nitarudi?"

"Ulisema. Lakini umerudi." Na hakumwachia, mpaka Bibi akalazimika kutembea naye hivyo hivyo kwenda shimoni.

Wakaondoa jiwe, wakafukua. Majani yapo, yamekunjwa vizuri. Ndizi hakuna.

Tusekile akaingiza mkono shimoni, akapapasa. "Sikuondoka hapa, Bibi. Nilikwenda kanisani tu."

"Mimi ndiye niliyezitoa," Bupe akasema. Akakimbia, akarudi na kapu kichwani, ndizi zote ndani. Bibi akashika moja, akainusa. Akainama shimoni, akanusa majani. Akalifunika lile kapu kwa kitenge chake.

"Nitachagua kesho, makaburini," akasema mwishowe. "Mbele ya watu wote."

Asubuhi ya Pasaka tarumbeta zikapita, watu wakaamka, wakaenda makaburini. Kulikuwa na giza bado, nyasi zina umande, na watu walikuwa na furaha ile ya kunong'ona. Bibi akawasimamisha watoto watatu mbele ya kichuguu. "Haya, semeni. Nani amenijongea— nani ameningoja," akasema, na ulimi wake ulikuwa unateleza kwa furaha, "semeni wenyewe."

Tusekile akasema, "Bibi, ulituambia tukae, nikakaa. Ulituambia tusifungue, sikufungua. Pasingekuwa na mimi, ndizi zingekuwa tumboni mwa nguruwe siku ya kwanza."

"Lakini uliniambia Bibi harudi," Bupe akasema. "Uliacha kumtumaini."

"Niliacha," Tusekile akakubali. "Nilikaa hivyo hivyo."

Ambilikile akasema, "Bibi, mimi sikuacha kukutumaini hata siku moja. Mvua ilinipiga, watu walinicheka, nikasema atakuja. Pasingekuwa na mimi, sasa hivi ungekuwa Kyela."

"Lakini Bibi, ulituambia tulinde shimo," Tusekile akasema. "Yeye hajakaa pale hata muda wa kuchemsha chai. Kama wote tungekwenda mtoni, kungekuwa na karamu gani?"

Bupe akasema, "Bibi, mimi nilifungua ulipokataza, na nilisema tumbo linauma wakati haliumi. Lakini ulipokataza ulijua utarudi Alhamisi. Sikuwa nangoja shimo, nilikuwa nakungoja wewe, na nilitaka ukija ukute ulichokiacha. Njaa iliniuma, sikula. Pasingekuwa na mimi, leo tungemwaga ndizi."

"Lakini neno lilikuwa moja," Ambilikile akasema. "Mpaka nirudi. Kila mtu akianza kulipima kwa pua yake, neno litabaki na nini?"

Watu wakaanza kugawanyika. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Mpeni Tusekile, mama yake amelala hapo." Na wengi wakaguna kukubali. Hata Ambilikile akasogea pembeni kumpisha.

Tusekile akatikisa kichwa. "Sitaki kupandishwa kwa sababu mama yangu amekufa. Kama nimengoja, nipandisheni. Kama sikungoja, nitasimama hapa chini karibu naye, nami nitaitikia."

Bibi Ikupa akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Akamtazama aliyekaa bila tumaini, asiondoke. Akamtazama aliyetumaini bila kukaa. Akamtazama aliyevunja neno ili atunze alichoachiwa. Akasema, "Ndaga fijo, asanteni sana, wanangu. Mmenitunza, mmenivusha, mmenilindia shimo." Kisha akawageukia watu wa kijiji. "Lakini ninyi wakubwa nisaidieni, maana mimi nimeshindwa, na jua halina subira kama watoto hawa."

Na kweli, nyuma ya mlima mbingu ilikuwa imeanza kuwa nyeupe. Wapiga tarumbeta walikuwa wamelowanisha midomo. Mawe ya makaburi yenye chokaa yalikuwa yameanza kuonekana, na la mama yake Tusekile lilikuwa la kwanza. Kichuguu kiko wazi, hakuna mtu juu yake.

Msinitazame mimi. Mimi nimefika hapo walipofika wao. Yesu naye alisema atarudi, na sisi ndio tuliokaa kwenye kigoda, sisi ndio tuliobeba mwamvuli, sisi ndio tunaonusa shimo. Jua linachomoza, wanangu, na mtu lazima apande sasa hivi atangaze.

Haya, wewe uliyekuwa unatafuna, anza wewe. Kati ya Tusekile, Ambilikile na Bupe, nani alimngoja Bibi kweli kweli? Je, nani apande?