Kiakisi cha Buluu

Mng'oa alama asiulize njia. Mmetupiana maneno hayo tangu asubuhi, wajukuu zangu, na sasa mnauliza yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Katika mji wa Lwangu, ukungu wa Juni hushuka mpaka mtu asione vidole vyake. Mabomba ya zimamoto yalikuwa kando ya barabara, chini ya vifuniko vya chuma vilivyomezwa na majani. Kwa hiyo watu wa zimamoto wakabandika kiakisi cha buluu kwenye lami, mkabala na kila bomba. Taa za gari zikikipiga, kinang'aa kama jicho la komba.

Edwini Mgaya, dereva wa bodaboda, alikibandua kimoja karibu na kwao kwa bisibisi, akakigandisha kwenye madigadi ya pikipiki yake.

"Kaka, hiyo pikipiki au bibi harusi?" wenzake wakamsifu.

Alfajiri moja moto ukazuka jikoni kwao. Mama yake, asiyetembea bila mkongojo, alikuwa chumba cha nyuma. Edwini alijaribu kuingia mara mbili, moshi ukamtapika nje.

Gari la zimamoto likaja likipapasa njia kwenye ukungu. Dereva akaona buluu, akasimama papo hapo. Askari wakafyeka majani, wakachokoa udongo. Hakuna bomba. Maji ya kwenye gari yalikuwa yanakwisha.

"Mnachimba viazi?" Edwini alifoka. "Bomba liko wapi? Mama yumo ndani!"

Sajini Tulinagwe, mkuu wao, akamulika tochi. Buluu ile ilikuwa kwenye pikipiki ya Edwini, iliyoegeshwa kando ya barabara.

"Hiki umekitoa wapi?"

Mtaa mzima ulikuwa umesimama pale. Ndani, mkongojo wa mama ulikuwa ukigonga ukuta: ko, ko. Ukanyamaza.

"Nilikibandua mimi, afande."

"Mng'oa alama asiulize njia. Tuonyeshe wewe!"

Edwini alikimbia, akapiga magoti barabarani, akapapasa lami kwa viganja mpaka akagusa gundi iliyokauka.

"Hapa!"

Askari wakalifunua bomba mkabala na pale, mpira ukajaa maji. Paa lilianguka, lakini mama alitolewa mgongoni mwa askari, akikohoa.

Hospitalini alimshukuru mwanawe kwa kulipata bomba. Edwini hakuipokea sifa hiyo, akaeleza yote. Mama akageukia ukutani, siku mbili hakumsemesha.

Tangu hapo, anayeharibu kinachoelekeza wote, kisha akalia kwamba amepotea, huambiwa bila kupepesa macho: mng'oa alama asiulize njia.